Mcheza Kwao

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Methali hii nimeisikia tangu utotoni, katika harusi na ngoma za kwetu Magoma, ambako mchezaji hodari alibandikwa noti kwenye paji la uso mpaka jasho likazilowanisha. Kwa miaka mingi niliiamini bila kuihoji. Siku hizi kila niisikiapo hunijia watu wawili ambao hawakucheza kwao, wala hawakutunzwa na watu wao. Mmoja alijulikana dunia nzima. Mwingine alikuwa kaka yangu.

Magoma, kwa msomaji asiyeijua, iko katika bonde la Lwengera, wilaya ya Korogwe, kati ya Usambara ya Mashariki na Usambara ya Magharibi. Ukisimama uwanjani unaiona milima huku na huku, na chini yake mistari ya mkonge iliyonyooka kama askari wa gwaride. Baba yetu alikuwa mkata mkonge. Jioni tulisikiliza Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, bendi za Tanga, katika redio ambayo betri zake tulizianika juani ili zipate nguvu kidogo. Muziki kwetu ulikuwa huo.

Kaka aliondoka akaenda Tanga kufanya kazi bandarini. Sikukuu moja ya mwaka 1986 alirudi na redio kaseti, na ndani yake kaseti moja ambayo maandishi yake yalikuwa yamefutika. Akaiwasha. Kwanza ilitoka piano, kisha sauti ya mwanamume iliyopanda na kupanda, nikadhani itapasuka, haikupasuka. Baba akasema hizo ni kelele, akatoka nje. Mimi nikabaki.

"Mdogo wangu," kaka akaniambia, "huyu unayemsikia kazaliwa Unguja."

Nikacheka. "Mzungu gani azaliwe Unguja?"

"Si Mzungu. Ni Mhindi wa Mji Mkongwe. Kaniambia mtu wa Unguja tunayefanya naye kazi."

Sikumwamini. Kaka alikuwa mtu wa masihara, nami nikalihesabu neno hilo kuwa sihara jingine. Ilipita miaka kabla sijajua kwamba alisema kweli tupu.

Mtu huyo alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarati, wafuasi wa dini ya kale ya Zoroaster, na baba yake alikuwa keshia katika Mahakama Kuu ya Zanzibar. Akiwa bado mtoto wa miaka minane hivi walimpeleka shule ya bweni huko Panchgani, India, safari ya majuma kwa meli. Huko ndiko alikojifunza piano, na huko wenzake walianza kumwita Freddie. Alipata umri wa miaka kumi na miwili, akaunda na wenzake bendi ya shule, wakaiita The Hectics.

Alirudi Unguja mwaka 1963, kijana wa miaka kumi na sita, lakini hakukaa sana. Tarehe 12 Januari 1964 yakatokea Mapinduzi, na mwaka huohuo familia ikahamia Feltham, kando ya London. Sipendi kuwasemea watu wa Unguja juu ya mwaka ule. Wana maumivu yao na wana furaha zao, na kila nyumba ina hesabu yake. Nasema tu kwamba kijana yule aliondoka akiwa na miaka kumi na saba, na kwamba katika umaarufu wake wote hakupenda kuzungumzia alikotoka.

Uingereza alisomea uchoraji katika chuo cha sanaa cha Ealing, akamaliza mwaka 1969. Aliuza nguo kuukuu katika soko la Kensington, akabeba mizigo ya abiria katika uwanja wa ndege wa Heathrow. Mwaka 1970 alijiunga na mpiga gita Brian May na mpiga ngoma Roger Taylor, na mwaka uliofuata akaja John Deacon, mpiga gita la besi. Bendi akaipa jina Queen, yaani Malkia. Nembo yake akaichora mwenyewe. Naye akaliacha jina la Bulsara, akajiita Freddie Mercury.

Jina alibadili, lakini meno hakubadili. Alikuwa na meno manne ya ziada yaliyoyasukuma ya mbele yakatokeza, na utotoni alitaniwa kwa ajili hiyo. Alipopata fedha za kumlipa daktari yeyote, alikataa kuyagusa, akiogopa kwamba sauti yake itabadilika. Jambo hili nimelifikiri sana. Mtu anaweza kuliacha jina la baba yake na nchi aliyozaliwa, lakini kuna kitu mdomoni mwake ambacho hathubutu kukigusa, kwa kuwa ndipo sauti inapotokea.

Kazi yake ilikwenda kwa kasi. Santuri ya kwanza ndefu ya Queen ilitoka mwaka 1973. Mwaka 1975 ukatoka wimbo wake uitwao "Bohemian Rhapsody", wa karibu dakika sita, ambao wakubwa wa biashara walisema redio hazitaupiga kwa urefu wake. Ulikaa juu ya chati za Uingereza kwa majuma tisa. Ndani yake mna neno la Kiarabu ambalo kila mtoto wa pwani hulitamka kabla ya kula. Watu wa Ulaya wamejiuliza amelitoa wapi. Kwa mtu aliyezaliwa Mji Mkongwe, mimi sioni cha kuuliza.

Tarehe 13 Julai 1985 aliimba uwanja wa Wembley katika tamasha la kuwachangia wenye njaa wa Ethiopia. Alikuwa na dakika kama ishirini tu, na watu zaidi ya sabini elfu mbele yake, akawapigisha makofi wote kwa pamoja. Sisi Magoma hatukuona. Tanzania Bara televisheni ilianza mwaka 1994. Nilipoiona picha ile miaka mingi baadaye, niliwaza kwamba aliyekuwa akiwaimbia wenye njaa wa Afrika Mashariki alikuwa mzaliwa wa Afrika Mashariki, na pengine wachache sana pale uwanjani walilijua hilo. Wala nisimpake sifa asizostahili: mwaka mmoja kabla yake, yeye na wenzake walikwenda kupiga Sun City, Afrika Kusini, wakati wa ubaguzi wa rangi, wakalaumiwa, na lawama ile ilikuwa ya haki.

Mwaka 1986 alipiga jukwaa na Queen kwa mara ya mwisho. Akaendelea kurekodi, lakini hadharani akazidi kuonekana amekonda, na magazeti yakawa yanauliza. Tarehe 23 Novemba 1991 alitoa tangazo kwamba ana Ukimwi. Kesho yake akafariki, akiwa na miaka arobaini na mitano. Makasisi wa dini ya wazazi wake ndio waliomwombea katika mazishi. Mwisho wa yote, aliyelea wafu wake akawa ni Bulsara tena.

Siku moja tu. Nilipolisikia hilo nilimhukumu. Nilimlinganisha na Philly Lutaaya, mwanamuziki wa Uganda aliyerudi kutoka Sweden na kutangaza mwaka 1989 kwamba anaugua Ukimwi, akazunguka shuleni na makanisani kuwaonya watu mpaka nguvu zilipomwishia, akafa Desemba mwaka huohuo. Lutaaya alicheza kwao hata katika kufa. Kwa nini huyu mwingine alingoja mpaka saa ya mwisho?

Mwaka 1993 nikapewa jibu langu. Kaka aliletwa Magoma akiwa amelala nyuma ya lori. Mama akampokea, akamwogesha, akamlisha uji kwa kijiko. Baba akasema ni malaria sugu. Shangazi akasema amerogwa na watu wa mjini wenye wivu. Mimi nilikuwa nimesoma. Nilijua dalili zile, nami nikasema ni malaria. Dawa za kuurefusha uhai wa wagonjwa kama yeye zilikuwa hazijafika. Za bure zilianza kutolewa nchini mwaka 2004. Lakini hakukosa dawa tu. Alikosa pia mtu mmoja wa kukaa naye na kuuita ugonjwa kwa jina lake. Freddie Mercury alipata siku moja ya ukweli. Kaka yangu hakupata hata saa moja, na aliyemnyima ni mimi.

Siku ya tatu ya matanga walikuja watu wawili kutoka Tanga, wakaulizia nyumba ya mtu ambaye hatukumjua. Tulitaka kuwaelekeza kwingine. Kisha wakamwona mama, wakamfanana na waliyemtafuta, wakalia. Ndipo tulipojua kwamba kaka mjini alikuwa na jina jingine kabisa, na kwamba kila Jumamosi usiku alikuwa akiimba na bendi. Kaka yetu, ambaye nyumbani hatukumsikia akiimba hata wimbo wa shule! Wale wageni walisema kulikuwa na watu waliokuja kwa ajili ya sauti yake tu. Baba aliwasikiliza, akawashukuru, akawaomba wasilitaje jambo hilo mbele ya majirani. Alikuwa na mawazo kwamba mwimbaji wa vilabuni ni muhuni.

Hapo nikaelewa kwamba watu hawafichi mambo yao kwa kupenda giza. Huficha kwa sababu wamekwisha kuona nyuso zetu zikibadilika kwa mambo madogo, wakakisia zitakavyokuwa kwa makubwa.

Mwaka 2006 watu fulani Unguja walitaka kuadhimisha miaka sitini tangu kuzaliwa kwa mwimbaji yule. Jumuiya ya kidini ikapinga, kwa kuwa alijulikana kuwa aliwapenda wanaume, na sherehe ikafutwa. Mwaka 2019 ikafunguliwa nyumba ya makumbusho yake pale Shangani. Nilikwenda. Nilitazama picha za mtoto mwenye meno yaliyotokeza, katika nguo za kizamani. Wageni kutoka nchi za mbali walikuwa wakipiga picha mlangoni. Nikajiuliza: tunamtaka yeye, au tunataka wageni wake? Maana mtu ukimwita wako, umemchukua wote: sauti na ugonjwa, na yale aliyoyapenda usiyoyapenda wewe. Hakuna kuchukua nusu.

Nilirudi Magoma na fikira hiyo, ikaninyima usingizi. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Mama yu hai, macho yamefifia lakini masikio ni mazima. Nikawaita watoto wa ndugu zangu, wale ambao hawakumwona baba yao mkubwa, tukaenda kaburini. Nikawaambia alikufa kwa Ukimwi. Nikawaambia aliimba. Sikupamba neno.

Tuliporudi nikamwambia mama nilichokisema, nikingoja anikaripie. Alinyamaza kitambo.

"Nilimwogesha mimi," akasema. "Ulidhani sikujua? Nilikuwa nikingoja mmoja wenu aseme."

Miaka hiyo yote tulikuwa tunafichana kitu ambacho kila mmoja alikwisha kukiona.

Kisha akaniuliza, huko mjini walimwitaje. Nikamtajia jina lile walilolileta wageni wa matanga. Akalirudia mara mbili kwa sauti ya chini, polepole, kama mtu anayeonja chumvi katika mchuzi.

"Ni jina zuri," akasema. Halafu akaniuliza kama wale watu wa Tanga walisema aliimba nyimbo gani.