Mavi Yasiyo ya Ng'ombe

Baba ndiye aliyeyaona kwanza. Alikuwa amesimama na mikono nyuma, vile husimama akikagua chai ya jirani, akasema, "Haya mavi si ya ng'ombe wa mtu." Mimi nilikuwa nimeshika nguzo za hema mkono mmoja, na mkono wa pili simu yenye video ya YouTube iliyokwama kwa sababu mtandao ulikuwa umepotea. Nikamwambia, ni ya zamani, Baba, yamekauka. Akayagusa kwa ncha ya gambuti. Hayakuwa yamekauka.

Tulikuwa Makalia, upande wa kusini wa Mbuga ya Ziwa Nakuru, karibu na maporomoko ya maji. Mimi, Baba, Mama, na kaka yangu mdogo wa Gredi ya 6. Jirani mwenye Probox ndiye aliyetuleta, na alikuwa ametangaza mapema kwamba yeye atalala ndani ya gari. Nilimcheka. Katika familia yetu hakuna mtu aliyewahi kulala kwenye hema. Kapsoit ukisema unaenda kulala nje kwa hiari, na unalipia, watu wanakuuliza kwa upole kama kuna shida nyumbani.

Wacha niseme ukweli: haikuwa likizo, ilikuwa rushwa. Niliacha chuo mwaka wa tatu. Karo ilikuwa imetoka kwenye bonasi ya chai ya Baba na ng'ombe mmoja wa maziwa ambaye Mama bado humtaja kwa jina. Siku niliyopiga simu kusema sirudi darasani, Baba hakunigombeza. Aliuliza tu kama karo ya muhula huo ilikuwa imelipwa. Nikasema ndiyo. Akasema sawa, akaenda kuchuma chai. Tangu hapo, miezi kumi na mmoja, mimi nikiwa kwa bedsita yangu Nairobi na yeye kule shambani, tuliongea kuhusu mvua, bei ya mbolea na chumvi ya ng'ombe. So nilipolipwa pesa yangu ya kwanza ya maana kwa kuandika, nikanunua hema la mtumba Gikomba, la watu wanne wasio na mabega, nikaenda nyumbani kuwachukua wakaone vifaru.

Tulitoka Kapsoit saa kumi na moja asubuhi, giza bado. Londiani Junction tulipita kimya. Tangu lile lori la Juni 2023 lililoua watu zaidi ya 50 pale kando ya barabara, Mama hufumba macho mpaka aambiwe tumepita. Salgaa akayafumbua, akagawa chapati.

Ndani ya mbuga kila kitu kilienda vizuri kwa masaa kadhaa. Kaka yangu alihesabu vifaru saba, mimi nilihesabu wanne. Baba aliangalia kundi la nyati kwa muda mrefu, halafu akamuuliza dereva, "Hawa nani huwalipia dawa ya kupe?" Tulipofika ziwani akatulia. Maji yamepanda tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, yakameza lango kuu la zamani na barabara, na miti iliyokufa imesimama ndani ya maji, meupe kama mifupa. Baba, ambaye amegombana na kaka zake juu ya mipaka maisha yake yote, akasema, "Ziwa limejiongezea shamba," na hakuna aliyeenda mahakamani.

Sasa nyani.

Askari wa langoni alikuwa ametuambia wazi: chakula chote kikae kwa gari, vioo vimefungwa, hema lisinuke hata ndizi. Nikajibu "sawa, afande" kwa ile sauti ya mtu ambaye hasikii. Mkate, ndizi na unga nikaviweka ndani ya hema, kwa sababu vilionekana vizuri kwa picha. Mama akaweka sotet yake hapo kando. Sotet ni kibuyu cha mursik, na hii aliipewa na mama yake alipoolewa. Imesafishwa kwa mkaa wa senetwet miaka zaidi ya ishirini na tano. Nilimwambia maziwa ya pakiti yangetosha. Akaniangalia tu.

Nyani walikuja wawili, madume, polepole, kama watu wanaokuja kusoma mita ya stima. Mmoja alikaa nje. Wa pili hakuhangaika na zipu, alishika kitambaa kwa mikono miwili na kukipasua. Mimi nilipiga makofi. Mama alipiga nduru na kurusha ndala. Yule dume alitoka na mkate, akatutazama vile makanga hutazama abiria asiye na nauli, akarudi ndani. Mara ya pili alitoka na sotet.

Baba alikuwa bombani akichota maji. Alikuja bila kukimbia, bila jiwe, na fimbo tu, na kabla hajafika wote wawili walikuwa wamepotea. Askari alikuwa ametuambia hilo pia: nyani humwogopa mwanaume, mwanamke na mtoto huwapima kwanza. (Hata kule msituni, jameni.) Tulisikia sotet ikianguka kutoka juu ya mgunga. Mama alienda akaokota vipande, vyote, akavifunga kwa leso. Hakulia na hakunilaumu, na ningependelea afanye moja kati ya hayo.

Baba akaketi kwenye nyasi akaniambia kwamba alipokuwa na umri wa kaka yangu alikuwa anajua sura za nyani kuliko za walimu. Alikaa misimu mitatu kwenye kibanda cha miti akilinda mahindi ya baba yake. Sikuwa nimewahi kusikia hiyo.

Usiku tulifunga tundu la hema kwa sweta yangu na pini. Baridi ya Nakuru si mchezo. Saa sita hivi nilisikia kitu kikipumua. Halafu nyasi zikikatwa, krrp, krrp, karibu na kichwa changu. Nikachungulia kando ya sweta, nikaona mguu mnene kama gogo, na nyuma yake migongo mingine, mingi. Yale mavi. Tulikuwa tumepiga hema katikati ya malisho ya watu.

Nikataka kuwasha tochi. Mkono wa Baba ukashika wangu gizani. "Zima. Wakishtuka watakimbia, na hawatauliza njia." Mama na kaka yangu walikuwa wamelala, sijui kwa neema gani. Tukalala chali, yeye na mimi, tukisikiliza.

Baada ya muda mrefu akanong'ona, kwa Kiswahili, ambacho huongea nami akitaka jambo liwe zito: "Mimi nilitolewa shule. Wewe ulitoka mwenyewe. Hiyo ndiyo hunikosesha usingizi."

Sijui ni nini kilinisukuma. Labda ni kujua kwamba hawezi kupaza sauti. Nikanong'ona, "Baba, ile karo ya mwisho sikulipa. Niliila. Kodi na chakula. Nilikuwa nimeshaacha kuingia darasani, na sikuwaambia."

Krrp, krrp.

"Ngapi?"

"Elfu ishirini na nane."

"Yote?"

"Yote."

Nyati mmoja alijikuna kwenye kamba ya hema, na hema lote likatikisika, na sote wawili tukaacha kupumua. Alipoondoka, Baba akasema, "Wakienda nitakujibu."

Walienda karibu na alfajiri. Fisi alilia mbali mara mbili. Baba alikuwa anakoroma, au alikuwa anajifanya anakoroma, anajua kufanya vyote viwili.

Asubuhi nilimkuta nje ameomba dereva sindano ya gunia, anashona lile tundu kwa uzi wa manila, mishono mikubwa, iliyonyooka kama mistari ya chai. Mama alimshikia kitambaa. Tulikunywa chai ya rangi bila mkate. Njiani kurudi tuliongea kuhusu mvua.

Hiyo ilikuwa mwezi wa nane. Hajanijibu. Vipande vya sotet viko kwenye rafu ya jikoni, bado kwenye leso, na hema liko stoo juu ya magunia ya mbolea. Lakini wiki iliyopita alinipigia akiwa steji ya Kapsoit, bodaboda zikipiga kelele nyuma yake, akauliza kama kule Hell's Gate pia kuna nyati. Nikamwambia wapo, wengi.

"Basi tutaenda," akasema. "Lakini chakula kikae kwa gari."