"Get Over It" Nusura Ivunje Uchumba Wangu

Siku ile nilikuwa ofisini Dar. Wazee wa mchumba wangu walikuwa wametoka Tarime, wakavuka Mto Mara kwenda kwetu Mugumu, wilayani Serengeti, kuzungumza mahari. Saa tisa alasiri meseji yake ikaingia, kwa Kimombo chetu cha kila siku: "We've run into a problem. Ng'ombe! Let's get over it."

Nikaishiwa nguvu. Si ndivyo tunavyomwambia shoga aliyeachwa, "get over him", yaani msahau, maisha yaendelee? Mimi mwenye digrii ya mawasiliano nikaelewa kwamba nimeachwa. Nikazima simu, nikalia mpaka usiku.

Kumbe maskini alimaanisha tukivuke kikwazo! "Get over" hubeba yote mawili: kuvuka tatizo na kupona jeraha la moyo. "Get round" ni kulizunguka tatizo, "get through" ni kulipitia mpaka utokee upande wa pili. Kaneno kadogo tu ka mwisho, na mtu analala na machozi.

Tulipopatana nilimwambia kosa kubwa lilikuwa lile la kwanza. "Run into" ni kukumbana na usichokitarajia, kama unavyogongana na rafiki wa zamani Kariakoo. Jamani, ng'ombe wa mahari kwa sisi Wakurya ni jambo la kushtukiza? Tulilijua tangu mwanzo, tukalikwepa kwa sababu mapenzi yalikuwa matamu. Hapo panafaa "come up against": kufika mbele ya kizuizi kigumu, uso kwa uso. Nyumbu hufanya hivyo kule Kogatende, kati ya Julai na Oktoba. Husimama ukingoni mwa Mto Mara, husita, wengine hurudi nyuma, kisha hujitosa.

Nasi tukajitosa. Tukazungumza idadi ya ng'ombe, akiba yetu, na kila mmoja atawaambia nini wazazi wake. Safari hii kwa Kiswahili. Mwezi uliofuata wazee walirudi Mugumu, na jibu likapatikana.

Msomaji, wewe na mwenzi wako mme-run into tatizo gani ambalo mnalijua fika tangu mwaka juzi? Lizungumzeni leo, kabla wazee hawajavuka mto.