Martin, Mumiani na Sindano

Utotoni mwangu Mombasa, mumiani hakuwa na meno marefu. Alikuwa na gari na sindano. Wakubwa walisimulia kwamba enzi za Mwingereza wazimamoto wa Nairobi walikuwa wakikamata watu usiku na kuwatoa damu, nasi tukaamini. Kwa hiyo Dracula wa sinema, na joho lake, hakuwahi kunikosesha usingizi.

Aliyenikosesha ni Martin, katika filamu ya George A. Romero iliyotoka mwaka 1978. Ni kijana mwenye haya, yumo kwenye treni kuelekea Pittsburgh, Marekani. Usiku anaingia chumba cha abiria mwanamke asiyemjua, anamdunga dawa ya usingizi, wanapambana mpaka dawa imshike, kisha anamchana mkono kwa wembe na kunywa damu. Meno yake ni ya kawaida kabisa. Nikasema moyoni: mumiani ndiye huyu!

Anafikia Braddock, mji wa viwanda vya chuma uliokuwa ukififia, kwa Cuda, mzee wa ukoo wake. Cuda hana shaka: kijana ni Nosferatu, yaani mnyonya damu, laana ya familia. Christina, mjukuu wa Cuda, naye hana shaka: huyu ni mgonjwa, atafutiwe daktari. Mimi nilitaka kujua nani mkweli. Nilirudisha kanda nyuma kila zilipokuja zile picha nyeusi na nyeupe, za mishumaa na msichana wa gauni la kizamani, nikijiuliza kama ni kumbukumbu za Martin au ni ndoto alizookota kwenye sinema. Romero hasemi. Martin anatafuna kitunguu saumu cha mzee, anaushika msalaba, hadhuriki. Ungedhani kesi imekwisha, lakini yeye mwenyewe anakubali kwamba ana maradhi ya kale ya kunywa damu. Anachokataa ni uchawi. Kila ushahidi unakata pande mbili, na sijaona filamu nyingine ya kutisha iliyolifanya hilo kwa utulivu kama huu.

Mwaka 2017 zikaja habari kutoka kusini mwa Malawi: uvumi wa wanyonya damu ulikuwa umeenea, watu wakauawa na makundi ya raia kwa kushukiwa tu, Umoja wa Mataifa ukawaondoa watumishi wake katika baadhi ya wilaya. Nilipoitazama tena filamu baada ya hapo, jicho langu lilihamia kwa Cuda. Ni mzee wa kanisani, ana duka, anaheshimika. Tangu siku ya kwanza anamwonya Martin: asimguse mtu wa mji huu. Yaani anaamini ana muuaji nyumbani kwake, na anachomkataza ni majirani tu.

Mwishoni Bi Santini, mteja wa duka aliyekuwa na uhusiano na Martin, anajiua. Cuda anaamua ni kazi ya Martin na kumpigilia kigingi kifuani. Kijana anauawa kwa ajili ya kifo ambacho hakukisababisha. Kama ni mnyonya damu au ni mgonjwa, sihangaiki tena kujua. Ninayemfikiria sasa ni yule abiria wa kwenye treni, ambaye Cuda, kwa imani yake yote, hakuuliza habari zake hata siku moja.