Tunalaumu televisheni, lakini uwanja uko wapi?

Mzazi wa siku hizi akimwona mtoto kajikunyata mbele ya televisheni, au mchezo wa kompyuta umemteka, haachi kusema: "Sisi zamani zetu tulicheza nje!" Kweli tulicheza. Lakini tujiulize, msomaji mpendwa, tulichezea wapi?

Mtaani kwetu Nairobi, miaka ya 1980, palikuwa na kiwanja kitupu kati ya safu moja ya nyumba na nyingine. Wasichana waliruka kamba na kucheza kati. Sisi wavulana tulichimba vishimo vya bano, au tukasukuma magari ya waya yenye magurudumu ya malapa yaliyokatika. Mpira tuliufunga wenyewe kwa karatasi za nailoni na kamba. Refa hakuwapo. Mwenye mpira akikasirika alitishia kwenda nao kwao, nasi tukambembeleza. Naye alijua kuwa akiondoka atacheza peke yake. Hivyo tulijifunza kupatana bila kumwita mtu mzima.

Leo kiwanja hicho kimejaa maduka. Mwezi uliopita mwanangu wa miaka tisa alitoka na wenzake kupiga mpira katika ploti tunamokaa. Hata nusu saa haikupita, mlinzi akawafukuza, ati watavunja vioo vya magari. Kijana akarudi ndani akawasha televisheni. Ningemlaumu vipi?

Wala si kwetu tu. Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walipoandamana kudai uwanja wao ulionyakuliwa, polisi waliwarushia vitoza machozi. Watoto wanataka kucheza. Wanaowazuia ni sisi watu wazima.

Wazazi wa ploti yetu tuliketi tukakubaliana. Kila Jumamosi, saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, magari hutolewa nje ya lango na watoto huachiwa nafasi. Kelele zipo, na kioo kimoja cha dirisha kimekwisha kuvunjika, tulichanga tukalipa. Lakini saa kumi ikifika, televisheni huzimwa bila mtu kushika fimbo.

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Basi ewe mzazi, kabla ya kumfokea mwanao atoke nje, mtafutie kwanza hiyo nje yenyewe.