Bakshishi si Ada, wala si Hongo

Msafiri atokaye Arua hana haja ya kwenda mbali ili awe mgeni. Kusini iko Vurra, njia ya kuingilia Kongo. Kaskazini, kiasi cha kilomita 55, uko mji wa Koboko, na mbele yake Oraba, mkabala na Kaya ya Sudan Kusini. Wakakwa wanaishi katika nchi zote tatu, lakini kila nchi ina fedha yake na desturi zake.

Mchukuzi wa mizigo au mtumishi wa hoteli aliyefanya kazi kwa moyo huweza kupewa bakshishi. Wakongo huiita matabishi. Adabu yake ni tatu. Kwanza, ujira upatanwe kabla mzigo haujainuliwa, maana bakshishi haizibi pengo la ujira. Pili, itolewe baada ya kazi, kwa fedha ya nchi hiyo, bila majivuno. Tatu, iwe ya kadiri, kwani apitaye kiasi huwaharibia wenzake wajao nyuma.

Mwenyeji aliyemlaza mgeni nyumbani kwake asilipwe fedha. Sukari au sabuni apelekewe mama wa nyumba.

Lakini fedha idaiwayo kabla ya muhuri kugongwa, hata ikiitwa chai, ni rushwa, nayo humtia hatiani mtoaji na mpokeaji. Askari wa zamu ana mshahara wake. Msafiri alipe ada iliyo halali, adai stakabadhi, kisha amshukuru kwa neno jema. Shukrani haihitaji kubadilishiwa fedha mpakani.