Nafasi ya Kuketi

Sisi tuliokulia kambi za Gécamines, kampuni ya migodi hapa Kongo, hatukujaza nyumba zetu kwa kupenda anasa. Tulizijaza kwa hofu. Nasema hivyo kwa sababu hofu hiyo niliiona ikizaliwa, na nimeona Mungu akiitoa nyumbani mwangu.

Baba yangu alifanya kazi katika kampuni hiyo, iliyorithi migodi ya Union Minière ya wakati wa ukoloni. Kambini kampuni ilikuwa mzazi: nyumba yake, shule yake, hospitali yake, na mfuko wa unga mwisho wa mwezi. Kisha, Septemba 1990, mgodi wa Kamoto kule Kolwezi ukaporomoka. Mwaka uliofuata uporaji ulioikumba nchi ukafika hadi Lubumbashi. Mishahara ikaanza kuchelewa kwa miezi, baadaye kwa miaka. Mama akajifunza kutotupa kitu. Kopo, waya, kiatu kilichopoteza mwenzake, vyote viliwekwa, maana kesho haijulikani. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari, na baba alikuwa mmoja wao. Malipo yake ya kuondoka yalinunua frigo, yaani jokofu, kubwa, televisheni na bifé, kabati la vioo. Fedha ziliisha mapema. Vitu vikabaki.

Baba alipofariki, vilihamia kwangu Katuba, mtaa wa Lubumbashi, na kukuta vyangu vikivisubiri. Frigo ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo tukaweka nguo ndani yake. Chini ya kitanda yalikaa masanduku ya bati yaliyojaa vitenge: vya 8 Machi, siku ya wanawake, mwaka baada ya mwaka, vya kwaya, vya sikukuu ya parokia, vya harusi za watu ambao leo wanaozesha watoto wao. Vingi havijawahi kupita chini ya sindano ya fundi. Wakati huohuo wanawake wa mtaa wetu walikuwa wakija kuazima kitenge cha kwendea kilio.

Katika shirika letu, jumuiya ndogo ya parokia inayosali kwa zamu nyumbani kwa kila mmoja, yuko bibi mmoja aliyelelewa katika Jamaa, ile harakati aliyoianzisha Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, miongoni mwa wafanyakazi wa migodi wa Kolwezi miaka ya 1950. Watu wa Jamaa walifundishana uzima, uzazi na mapendo, na mafundisho yao hayakukaa kwenye karatasi. Yaliishi katika kutembeleana, mume na mke pamoja, nyumba kwa nyumba. Kwao, kumpokea mgeni ilikuwa sala.

Kwaresima moja zamu ya kusali ikaangukia kwangu. Tulipanga viti nje, chini ya mwembe, kama ilivyokuwa desturi yetu, maana ndani hapakuwa na mahali. Mvua ikaja katikati ya somo. Watu wakakimbilia sebuleni, wakabanana kati ya bifé na televisheni zisizowaka, Biblia zao kifuani. Bibi yule alishika ukingo wa frigo asianguke. Hakukasirika. Aliniambia polepole, kwa Kiswahili chetu cha hapa: “Mwana wangu, bintu binaikala, bantu banasimama.” Yaani, vitu vimekaa, watu wamesimama.

Tukamaliza kwa Baba Yetu. Sala hiyo nimeisali tangu utotoni, lakini siku ile nilisikia kwamba inaomba mkate wa leo tu. Usiku nikafungua kitabu cha Kutoka, sura ya 16, habari ya mana: waliookota ya kutosha siku moja walishiba, waliolaza akiba hadi asubuhi walikuta mabuu na harufu. Nilielewa kwamba Mungu hakuwa akiwaonea Waisraeli. Walikuwa wametoka utumwani, na mtu aliyetoka utumwani huficha chakula hata mbele ya anayemlisha. Ndivyo tulivyokuwa sisi, watoto wa kambi.

Kazi haikwisha kwa juma moja, na mume wangu hakukubali yote mara moja. Vitenge vilikwenda kwanza, kwa kina mama wa shirika, vile vizima. Hili nalisisitiza: kumpa maskini redio iliyokufa ni kuhamisha takataka, wala si sadaka. Vyombo vilivyoharibika vilikwenda kwa mafundi wanaojua kuvitoa vipuri. Frigo ya baba ilikuwa ngumu kuliko vyote. Nililia fundi alipoibeba kwenye mkokoteni. Nimebaki na kofia ya kazi ya baba. Hiyo inanitosha kumkumbuka.

Msinielewe vibaya. Mapipa ya maji yapo, kwa sababu bomba la Katuba hukauka linavyotaka. Unga nao naununua mapema, maana mpaka wa Zambia ukibana mahindi, bukari, ugali wetu, hupanda bei mjini kote. Yosefu naye aliweka nafaka Misri, lakini aliiweka ili watu wale.

Nina uchungu na mahubiri yanayopima baraka kwa kile kilichomo sebuleni. Mji huu umekaa juu ya shaba na kobalti, na umeshaonja vya kutosha ladha ya utajiri unaohamishwa mahali pengine. Mhubiri anayemwambia mjane wa mitaa yetu ya Kenya au Kamalondo kwamba Mungu atamjua kwa gari lake anamwongezea hofu, na hofu ndiyo iliyotujazia nyumba.

Sasa shirika husali ndani kwetu, mvua ije isije. Mke wa jirani mmoja, ambaye miaka yote aliishia langoni, huingia jioni na mtoto mgongoni, anakaa, tunachambua sombe, majani ya muhogo, pamoja. Fedha niliyokuwa nikinunulia kitenge cha kila tukio hulipia shule.

Ndugu msomaji, zamu ya kusali ikifika kwako, usianze na kitambaa cha meza. Hesabu viti, kisha utoe nje kile kinachokalia nafasi ya mtu.