Saa za Mama Mdogo

Kuna kazi inayotangazwa siku hizi, ukiisoma haraka utadhani ni ya benki: mtafiti wa uchumi wa afya, kwenye tafiti za afya ya akili. Mimi nimesoma uchumi na kwetu ni Kitangari, kwa hiyo rafiki wakinitumia matangazo hayo huwa nayasoma mpaka mwisho. Ukiondoa mapambo, anayetafutwa ni mtu wa kuhesabu. Ugonjwa unagharimu nini, tiba inagharimu nini, na nani analipa.

Hilo la mwisho ndilo gumu. Dodoso maarufu la kazi hii lilitungwa Uingereza miaka ya 1980 na Jennifer Beecham na Martin Knapp, wakati hospitali kubwa za wagonjwa wa akili za Friern na Claybury, London, zikijiandaa kufungwa. Wagonjwa walikuwa wanahamia mitaani, ikabidi ijulikane watatumia huduma gani huko. Umemwona daktari mara ngapi? Umelala wodini siku ngapi? Ni dodoso zuri, na linauliza pia ndugu wanasaidia kwa saa ngapi. Ila lilizaliwa mahali ambapo mgonjwa anatoka hospitali anarudi nyumbani. Kwetu wengi hawajawahi kuondoka nyumbani. Mirembe iko Dodoma, na kutoka uwanda wa Makonde hadi huko si safari ya kwenda na kurudi siku moja. Nyumba ndiyo wodi.

Mama mdogo wangu ana kijana anayechomwa sindano kila mwezi. Nilimweleza habari ya kazi hiyo tukiwa shambani tunaokota korosho.

“Kwa hiyo wanakulipa uhesabu hela za wagonjwa?”

“Ndiyo, mama.”

“Basi kwangu andika sifuri. Sindano sidaiwi.”

Kweli, sera ya msamaha inamhusu mgonjwa kama huyo. Halafu akaendelea mwenyewe, bila kuulizwa. Bodaboda ya watu wawili, maana mgonjwa haendi peke yake. Maji ya kununua siku ambazo hawezi kumwacha akaenda kuchota. Na korosho: kijana akichafukwa wiki mbili za Novemba, hakuna wa kuokota, mvua inazikuta chini, zinashuka daraja. Hapo mnada haumwulizi mtu nyumbani kuna nini.

Wanauchumi wana njia mbili za kuithamini saa ya mtu kama yeye. Ya kwanza, angepata nini kama angekuwa kazini kwake. Ya pili, ungemlipa mtu mwingine kiasi gani aifanye kazi yake. Wapo pia wanaoiacha tupu kwa kuwa hana mshahara, na hapo ndipo hesabu inapoharibika. Ukiandika sifuri, sindano inayomrudisha mama shambani inaonekana ni matumizi matupu, na wizara itaambiwa tiba ni ghali kuliko kukaa bila tiba. Mimi ningetumia bei ya kibarua, tena ya msimu. Saa ya Novemba si saa ya Machi.

Hata kipimo kilichoyafanya magonjwa ya akili yaonekane kina pengo hilo. Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya 1993, ilihesabu miaka ya maisha inayopotea kwa kifo na kwa ulemavu pamoja. Mwaka 1996 Murray na Lopez wakaonyesha kuwa sonona ilikuwa ya nne duniani kwa mzigo wa maradhi mwaka 1990. Kabla ya hapo, ugonjwa usioua haraka ulipita bila kuonekana. Lakini miaka ile ni ya mgonjwa. Ya anayemlinda haimo.

“Na usiku je, mnauhesabu?” mama mdogo aliuliza.

Kuna wanaouhesabu, nikamwambia, na wapo wanaosema mlezi wakati huo amelala. Alicheka sana, jamani, mpaka akaweka kikapu chini. Kisha akanieleza mlango wake unafungwaje, kwa upande gani, na nani anashika zamu baada ya saa nane. Nililazimika kuchukua kalamu.